Kushoto kwa Kiboko

Wiki hii nimekabidhi funguo za kabati, darubini yenye jicho moja lililofifia, na madaftari yote ya sura za viboko. Wenzangu, mliniomba niwaachie maneno machache ya kustaafu. Machache siyawezi, mnanijua, lakini nitajitahidi kwenda kwa mpangilio. Habari za vyeo mtazikuta kwenye faili langu. Ni fupi, na hazichekeshi.

Kabla ya viboko nilipiga picha za watu. Nilitoka nyumbani Molo, hii ya Uganda, nikiwa msichana, nikapata kazi kwenye studio ndogo mjini Busia upande wetu, hatua chache kutoka mpakani. Kazi yetu kubwa ilikuwa picha za pasi na za vibali vya kuvukia. Sharti lilikuwa moja na halikuwa na huruma: masikio yote mawili yaonekane. Kina mama waliofunga vitambaa walinigombeza kila siku.

"We dada, kwani mimi navuka na masikio?" mmoja aliniuliza.

"Mama, hata mimi sijui wanayafanyia nini. Sogeza kitambaa kidogo."

Sikujua kwamba maisha yangu yote ya kazi nitakuwa nikiomba masikio mawili, tena kwa wateja wasioelewa lugha.

Mzee Wandera aliingia studioni kupiga picha ya kitambulisho. Alikuwa askari wa wanyamapori kwenye ukanda wetu wa ziwa, Msamia mrefu, mpole, mwenye koti lililopauka mabegani. Alipokuwa akisubiri alinisikia nikimwambia mteja mmoja kwamba mwaka uliopita alikuja akiwa na ndevu, na jino la mbele halikuwa limevunjika. Yule mteja akakubali, akacheka, akaniambia niache uchawi.

Mzee akaniuliza, "Unakumbuka kila mtu?"

"Nyuso, ndiyo. Majina hapana."

"Basi mimi nina wateja wasio na majina kabisa. Njoo uwaone."

Siku yangu ya kwanza mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, sikuona kiboko hata mmoja. Niliona mawe. Mzee akaniambia nitazame jiwe moja bila kupepesa, na baada ya muda likatikisa masikio, likapuliza maji na kuzama. Hapo ndipo nilipoelewa ugumu wa kazi. Kiboko ni mnyama mkubwa kuliko gari dogo, lakini anakuonyesha pua, macho na masikio tu, kwa muda wa kunywa chai nusu kikombe, kisha anaondoka na vyote.

Mzee alinipa kadi. Mnaijua: mchoro wa kichwa cha kiboko kutoka mbele, mtupu, na wewe unajaza alama unazoziona. Wa kwanza niliyemwona vizuri alikuwa na pengo kwenye sikio. Nikachora haraka, nikampa kadi kwa fahari.

"Pengo liko sikio gani?" akaniuliza.

"La kushoto."

"Kushoto kwa nani?"

"Kwangu."

"Wewe si kiboko."

Akanifundisha njia ambayo nimeitumia hadi juzi. Jione umekaa mgongoni mwa mnyama, unatazama anakotazama yeye. Mkono wako wa kushoto sasa uko upande wake wa kushoto. Nimepanda migongo ya viboko wengi kwa namna hiyo, na hakuna aliyenitupa.

Mengine aliyonifundisha nayasema upesi kwa sababu mmeshayafanya kwa mikono yenu. Makovu ya mgongoni yasikudanganye, maana hupona na kufutika. Mabaka ya waridi kwenye mashavu na chini ya macho hudumu zaidi. Pengo la sikio halizibi kamwe, ila linaweza kuongezewa jingine, kwa hiyo picha ya zamani haitoshi. Jua liwe nyuma yako. Kiboko akipiga mwayo hajachoka, anakuonyesha meno. Hapo kazi imekwisha kwa siku hiyo, rudi nyumbani ukapike.

Kwa miaka mingi tulikuwa wawili na kamera moja ya filamu. Tulipeleka filamu kusafishwa mjini, tukarudishiwa picha thelathini na sita za maji. Kisha zikaja simu. Ghafla kila mvuvi alikuwa na kamera mfukoni, na kila asubuhi alikuwa karibu na viboko kuliko sisi. Mzee Wandera, ambaye hakuwahi kumiliki simu ya kisasa hadi anastaafu, ndiye aliyesema tuwaombe watu watusaidie.

Alikuja mtaalamu mgeni kutufundisha jinsi ya kupanga picha za watu wengi. Yeye alikuwa akifuatilia nyangumi. Alituonyesha mikia: mmoja mweupe pembeni, mwingine umeng'atwa, mwingine una mistari kama ya pundamilia. Alisema mabaharia, watalii na wavuvi humtumia picha, naye hutambua kwamba mkia ulioonekana bahari hii mwezi huu ndio ulioonekana bahari nyingine mwaka jana. Akaongeza kwamba nyangumi na kiboko wana undugu wa mbali sana. Wavuvi wetu walicheka nusu saa. Mmoja akasema, "Kumbe huyu wetu ndiye alibaki kijijini!" Lakini somo liliwaingia. Wao mkia, sisi sikio.

Tukaunda grupu la simu. Wavuvi, wauza samaki, mwalimu mmoja, waendesha bodaboda wa mwaloni. Kanuni niliziandika mimi: usisogee karibu, masikio mawili yaonekane, andika saa na mahali. Tulipangilia daftari kwa masikio: kwanza wenye pengo la kushoto, kisha wa kulia, kisha wa pande zote mbili, na mwisho wale wasio na alama, ambao Mungu aliwaumba ili kututesa.

Upande wa Kenya wa mdomo wa mto, pale mto wa mpakani unapoingia ziwani, alikuwapo Mama Nekesa, mfanyabiashara wa wale samaki wadogo ambao sisi tunawaita mukene na wao wanawaita omena. Picha zake zilikuwa safi kuliko za yeyote. Ni yeye aliyetufumbua macho kwamba kiboko tuliyemhesabu kwetu na yule aliyehesabiwa kwao alikuwa mmoja.

"Madam, huyo wenu si ndiye huyu wetu?" aliniandikia. "Asubuhi anakula Kenya, mchana analala Uganda. Na hana kibali."

Huyo ni Kastamu. Wavuvi walimpa jina hilo kwa sababu alikaa katikati ya mdomo wa mto kama afisa wa forodha, na hakuna aliyepita bila kukaguliwa. Dume kubwa, mpweke, pengo la mwezi mchanga kwenye sikio la kulia, baka la waridi chini ya jicho la kulia. Mwingine mtakayemhitaji katika habari hii ni Nafula. Jike mtulivu, alikaa na kundi lake kwenye mafunjo, mbali kidogo na mdomo wa mto. Pengo la mwezi mchanga, sikio la kushoto. Baka chini ya jicho la kushoto. Mwaka jana alikuwa na mtoto ambaye bado alipanda mgongoni mwake kupumzika.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana bila hilo barua hii ingekuwa ya kujisifu.

Mwaka jana, asubuhi moja, kiboko aliuvunja mtumbwi wa Barasa. Barasa ni mvuvi wa siku nyingi, baba wa watu wengi, mtu wa kwanza kututumia picha. Mguu wake ulivunjika mara mbili. Mwenzake Ouma, aliyekuwa kwenye mtumbwi wa jirani, alimvuta kutoka majini na kupiga kasia kuelekea ufukweni, huku mnyama akiwafuata. Katikati ya hayo yote Ouma alipiga picha. Msimlaumu. Ni mimi niliyekuwa nikiwaimbia kila mkutano kwamba bila picha hakuna kesi.

Picha ilifika kwenye grupu kabla Barasa hajafika hospitali. Kichwa cha kiboko, karibu mno, masikio mawili yamesimama. Nilijiona mgongoni kama nilivyofundishwa. Pengo la mwezi mchanga, sikio la kushoto. Baka chini ya jicho la kushoto. Nikafungua kurasa za kushoto na sikuhitaji kwenda mbali. Nafula.

Nilishangaa. Nafula hakuwahi kumkimbiza mtu, na mahali pale hapakuwa pake. Lakini mama mwenye mtoto anaweza kubadilika, nikajiambia, na sikio ni sikio. Mwaloni watu walikuwa wamekasirika, na walikuwa na haki. Walitaka kiboko auawe. Afande Okiror, mkuu wa askari wa wanyamapori wa eneo letu, aliniuliza jambo moja tu: "Madamu, una hakika?" Nikasema ndiyo. Nikatia sahihi kwenye fomu ya kuomba Nafula auawe. Akapanga boti ya askari itoke kesho yake alfajiri.

Fomu ilihitaji pia sahihi ya shahidi. Mchana nikaenda kumtafuta Ouma. Nilimkuta nyuma ya banda la samaki, anashona wavu usiokuwa na tundu.

"Ouma, habari ya Barasa?"

"Iko hai, madamu. Mguu imefungwa plasta. Anauliza mtumbwi wake, hakuna mtu anataka kumwambia."

Nikampa fomu na kalamu. Pale penye saa ya kupigwa picha palikuwa wazi, nikamwomba simu yake tuitazame picha yenyewe, kwa sababu ile ya kwenye grupu hupoteza saa. Akasita. Akaigeuza simu kifuani.

"Si ile ile tu, madamu?"

"Ile ile. Nataka saa tu."

"Ile nilituma, mimi nilikata."

"Ulikata nini?"

"Mimi mwenyewe niko ndani. Nilikuwa nalia. Hawa wajinga wa grupu wakiona, si wataniita mtoto mpaka nazikwa?"

Nikamwambia sitaicheka. Akanipa simu.

Picha nzima ilikuwa na watu wawili: Ouma mbele, kiboko nyuma ya bega lake. Uso wa Ouma ulikuwa umelowa, mdomo wazi. Sikucheka. Ila jambo moja lilinisumbua, na lilinisumbua kwa njia ya zamani, ya studioni. Uso ule haukuwa wake. Nilimtazama yeye, nikatazama simu. Ouma ana jino lililokatika upande mmoja. Kwenye picha lilikuwa upande wa pili.

"Ouma, uliipigaje hii?"

"Hivi." Akainua simu mbele ya uso, kama msichana anayejipiga picha. "Mtumbwi ni mwembamba, madamu. Nikigeuka nyuma, tunapinduka wote wawili, na Barasa iko chini analia kuliko mimi. Nikaweka kamera ya mbele, nikapiga juu ya bega."

Nikatazama kifua chake pichani. Alikuwa amevaa jezi ya mpira yenye namba ishirini na saba. Namba ilikuwa imeandikwa kinyume, mbili ikitazama upande usio wake, kama maandishi unayoyasoma kwenye kioo.

Hapa ndipo nawaomba msome polepole. Kamera ya mbele hukuonyesha wewe kama kioo kinavyokuonyesha. Simu nyingine huigeuza picha zinapoihifadhi, ikawa sawa. Nyingine huihifadhi vile vile, kama kioo. Simu ya Ouma ilikuwa ya aina ya pili. Kila kitu ndani ya picha kilikuwa kimehama upande: jino, namba, na sikio la kiboko. Lile sikio la kushoto lilikuwa la kulia. Ouma alipojikata kwa aibu, aliikata na jezi, kitu pekee ambacho kingetuambia.

Nilikaa juu ya wavu.

"Madamu, ni nini? Nimekosea?"

"Wewe hujakosea kitu. Mimi sikufungua kurasa za kulia."

Nilitoa daftari mkobani, nikazifungua pale pale. Ukurasa wa tatu, Kastamu. Pengo la mwezi mchanga, baka chini ya jicho. Nilipoigeuza picha ya Ouma, ilimkaa kama shati lake.

Mnaona ukubwa wa jambo. Nafula angeuawa, na mtoto wake asingeishi bila yeye. Lakini hilo lilikuwa nusu tu. Kesho kutwa wavuvi wangerudi majini kwa amani, wakiamini hatari imekwisha, na Kastamu angekuwa pale pale mdomoni mwa mto akiwasubiri. Na sahihi kwenye karatasi ilikuwa yangu.

Nilimpigia Afande Okiror. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Madamu, asubuhi ulisema kushoto. Sasa kulia. Kesho utaniambia ni ng'ombe?"

"Afande, una haki. Nimekosea, na nitaandika hivyo. Lakini usitume boti bila mimi."

"Boti inatoka. Watu hawa wakiona hatukutoka, watachukua mikuki wenyewe. Njoo, nionyeshe kwa macho yangu."

Alfajiri nilikuwa botini na kadi mbili mapajani, kati ya askari wawili wenye bunduki. Hakuna aliyenisalimu sana. Tulizima injini mbali na mafunjo. Jua lilipotoka nyuma yetu, Nafula aliinuka, na mtoto wake akainuka juu yake kama furushi. Askari mmoja aliinua bunduki. Afande akanyoosha mkono kumzuia, akashika darubini yake, na nikamsikia akinong'ona, "Najiweka mgongoni mwake. Anatazama huku. Mkono wangu wa kushoto..." Akageuza kiganja, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Kushoto kwake?"

"Kushoto kwake, Afande."

"Na yule aliyempiga Barasa ni kulia."

"Kulia."

Akashusha darubini. Kisha akamwambia askari wake, bila kumtazama, "Weka chini hiyo kitu, unamtisha madamu." Nafula alitikisa masikio, akazama, na mtoto akazama naye.

Kastamu hatukumpata. Mama Nekesa alituma picha yake saa moja baadaye: alikuwa upande wa Kenya, mahali ambapo askari wetu hawana amri. Karatasi mpya ya kumwua ilibidi ipite kwenye ofisi za nchi mbili, na mnajua karatasi zinavyotembea. Katika siku zile za kusubiri, wavuvi walianza jambo ambalo sikuwaambia. Kila asubuhi, kabla ya mtu kusukuma mtumbwi, mmoja aliuliza kwenye grupu Kastamu yuko wapi. Aliyemwona alijibu kwa picha. Asipoonwa, watu walisubiri. Waliotumia kamera ya mbele walitukanwa vizuri.

Karatasi ilipokaribia kuja, Afande aliitisha mkutano mwaloni. Barasa alifika kwa magongo, na watu wakampisha akae. Nilitaka kuomba radhi mbele yao, na niliomba. Palikuwa na manung'uniko, mengine makali, na niliyastahili. Mwenyekiti wa mwalo akamuuliza Barasa anataka nini kifanywe, kwa kuwa mguu ni wake.

Barasa akasema, "Mkimwua Kastamu, pale mdomoni mwa mto patakuja dume lingine. Huyo sitamjua. Huyu namjua masikio, najua anakolala, najua saa anakasirika. Mimi ndiye nilipita karibu na yeye na wavu, saa yake ya kurudi majini. Nilijua, nikasema leo nitawahi." Akamgeukia Ouma. "Na huyu alilia. Mwandike pia kwenye daftari ya madamu."

Watu walicheka, na Ouma alicheka zaidi yao wote. Walikubaliana kuiacha njia ile ya maji asubuhi na jioni, na kuendelea na picha. Afande akairudisha karatasi ilikotoka. Aliniambia ni karatasi ya kwanza kuirudisha kwa furaha.

Kwenye kadi, enyi wenzangu, nimeongeza mstari: kamera ya mbele au ya nyuma? Ulizeni kila mara, na muombe picha nzima, hata kama mtu analia ndani yake. Mkikosea, semeni siku hiyo hiyo. Mimi nilipata mchana mmoja wa kusahihisha, na ulitosha.

Juma lililopita, siku yangu ya mwisho mwaloni, Barasa alirudi ziwani kwa mara ya kwanza. Nilisimama mwaloni nikijifanya nimekuja kununua samaki. Aliegemea mtumbwi mpya, akatoa simu, akaandika kwenye grupu: "Kastamu wapi?" Tukasubiri wote. Ouma alikuwa ameshashika kasia. Jibu lilikuja kutoka kwa Mama Nekesa, picha safi, jua nyuma yake, masikio mawili yamesimama: "Yuko kwetu, anakula. Leo hata haangalii maji."

Barasa aliikuza picha kwa vidole viwili, akaichunguza polepole, akinyoosha mkono mmoja kisha mwingine. Kisha akaitia simu mfukoni, akasukuma mtumbwi.